Nesi Aliyejisema

Juzi nilikuwa steshenari Ngara mjini nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu binti mmoja alikuwa akichapishiwa barua ya kuomba arudishwe kazini. Alikuwa nesi mgeni kazini katika kituo cha afya cha binafsi, na walikuwa wamemfukuza. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

“Niandike ‘makosa yalitokea’?” mchapaji akamuuliza.

“Hapana, dada. Andika nilikosea. Nilimchoma mtoto sindano ya mgonjwa wa kitanda cha pili.”

“Nani alikuona?”

“Hakuna. Nilikimbia mwenyewe kumwambia daktari, ndiyo mtoto akawahiwa. Amepona.”

Mchapaji akaondoa vidole kwenye kibodi. “Kumbe ungenyamaza, leo ungekuwa kazini.”

“Na mtoto je?”

Mchapaji akarudisha vidole, akaandika alivyoambiwa. Binti akasaini, akatoka.

Simtetei, sindano si kitu cha kubahatisha. Ila tangu siku hiyo sijatulia. Manesi waliobaki pale wameona yaliyompata mwenzao, na bila shaka wamejifunza. Sijui wamejifunza kusoma vizuri jina la mgonjwa, au wamejifunza kufunga mdomo.