Nilipoambiwa Ningoje Nje

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba, na kila akipata hedhi tumbo lilimlaza kitandani. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hivyo kumpeleka kliniki mara ya kwanza kulibaki kwangu. Tukimenya viazi nyumbani Endarasha, nilijifanya daktari ili azoee kujieleza mwenyewe.

"Unaumwa wapi?"

"Tumbo."

"Linaanza lini? Linakuzuia kwenda shule? Usiniangalie mimi, sema wewe."

Alicheka, kisha akaeleza yote bila kuona haya.

Kesho yake mjini Nyeri, swali la kwanza nilijibu mimi kabla hajafungua mdomo. Daktari, mama mpole, akatabasamu.

"Baba, tungojee nje kidogo."

Nje sikuweza kukaa. Nilienda hadi langoni nikarudi, nikanunua chai nikaiacha ipoe. Niliogopa kwamba amesahau kitu, au kwamba kuna jambo hajawahi kuniambia.

Alitoka na dawa mkononi, uso umechangamka.

"Umesema yote?"

"Nimesema. Na mengine pia."

"Mengine gani?"

"Baba, hayo ni yangu na daktari. Amesema turudi mwezi ujao. Utanileta, sindio?"

Nikamwambia nitamleta. Njia nzima moyo haukutulia, lakini sikuuliza tena.