Nolasco Apima Rubisi Ukweni

Nolasco wa Chonyonyo anafanya kazi katika maabara ya dawa kule Mwanza, na kazi yenyewe ni kituko. Anasema kuna dawa ambazo molekuli zake ni za aina mbili, zinafanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Aina moja hutibu, nyingine haina faida. Mashine huzichora kama vilima viwili, ila vilima vyenyewe hupandana, hujui kimoja kinaishia wapi. Basi yeye hutengeneza michanganyiko ambayo vipimo vyake anavijua, huifundisha kompyuta, kisha huiuliza kuhusu mchanganyiko asioujua.

Mimi Cleophace, baba yake mdogo, nilikuwa mshenga wake tulipokwenda kijiji cha Ndama kumposa Kemirembe. Nilimwonya asiyaseme hayo ukweni. Akayasema, dakika tano tu baada ya shikamoo!

Mzee Yustus, baba wa binti, alitikisa kichwa. "Hapa kuna pombe ya ndizi, rubisi ya mke wangu Sperancia na ya jirani yetu Benadeta. Nitazichanganya. Ukijua kila moja ni kiasi gani, binti ni wako. Ukikosea, rudi Chonyonyo ukalime migomba."

Mwenye akili angecheka, yaishe. Nolasco alifungua kompyuta. Akataka kwanza michanganyiko kumi na miwili anayoijua, na ndimi tano za kupima utamu, uchachu, harufu ya mtama na ukali wa kooni. Wazee watano walijitolea kabla hajamaliza kusema. Akawaomba waonje na kutema.

Kutema pombe mbele ya mama aliyeipika! Wakameza yote.

Glasi ya tisa, mzee mmoja aliipa harufu ya mtama alama arobaini juu ya kumi, akaanza kulia kwa furaha. Nolasco akamfuta kwenye hesabu, akaandika: chombo kimeharibika.

Mwishowe Sperancia akaleta kibuyu cha mtihani kutoka jikoni. Wazee wanne waliobaki wakaonja. Nolasco akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Uso ukamsawijika.

"Sema tatu kwa mbili, tuondoke na mke," nikamnong'oneza huku nikimkanyaga mguu.

"Haiwezekani, baba mdogo. Humu kuna kitu cha tatu." Akainua kichwa, akasema kwa sauti, "Kuna maji."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mawe, mama yangu!" Sperancia akang'aka. "Wazee wamemaliza pombe, nikaongeza maji kidogo tu. Nani aliniona?"

"Hakuna aliyekuona, mama. Ni namba."

"Basi binti yangu haendi kwa mtu wa kuniaibisha mbele ya wageni!"

Hapo Kemirembe akatoka ndani. "Mama, vidonge vyako vya presha hupimwa na watu kama huyu. Ungependa waone aibu kusema?"

Sperancia alimtazama binti yake, kisha Nolasco. Hasira zikamtoka, nikaona hofu.

"Na vyangu," akauliza taratibu, "ulivipima?"

Mjinga wangu angeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama. Havikupita mikononi mwangu."

Mama akaingia chumbani, akatoka na vidonge viwili, akamwekea kiganjani na kuvifunika kwa vidole vyake.

"Kavipime," akasema. "Jibu uje nalo siku ya mahari."