Mkono wa Baba na Mahindi ya Mbegu

Dada yangu mkubwa, tuliyemwita yaya, alikuwa na ulimi mkali, na hadi leo sijaona mtu aliyeutumia vizuri kama yeye Jumapili ile.

Baba alifanya kazi kwenye tanuri la shaba kule Panda. Shaba iliyoyeyuka ilimrukia ikamchoma mkono wa kushoto hadi kiwiko, ngozi ikabaki imejikunja. Mama aliposhika mimba baadaye, shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Kasai na onyo lake: mtoto atatoka na mkono ule ule. Baba akaogopa. Alivaa mashati ya mikono mirefu hata katika joto la Oktoba, akahamia kulala sebuleni. Mama alipika akilia. Nilimchukia shangazi, nasema kweli.

Yaya alikuwa akisoma biolojia sekondari. Jumapili hiyo, baada ya misa, bukari, ugali wetu, iliungua. Shangazi alipoanza kunung'unika, yaya akanyoosha kidole kwenye mahindi ya mbegu tuliyoyatundika juu ya jiko, yakingoja mvua.

"Tantine, bukari ikiungua mu nyungu, mbegu kule yulu inajua?"

"Haijue," shangazi akajibu.

"Basi ngozi ya baba ni ile bukari. Mbegu ya kuzala iko yake mbali. Moto ya Panda haikufika kule."

Baba aliacha kutafuna. Yaya akaendelea: seli za mwili hujigawanya, hutengeneza ngozi na mifupa, na hufa pamoja na mwenye mwili. Zina kromosomu arobaini na sita. Seli za uzazi huandaliwa kando, na kila moja hubeba nusu tu, ishirini na tatu, ikingoja nusu ya mwenzake.

"Nusu?" shangazi akadakia. "Basi mutoto asikamate ile nusu ya kichwa nguvu ya mama yake!"

Tulicheka sote, hata mama aliyeitwa mkaidi. Lakini usiku baba alilala sebuleni tena.

Mtoto alipozaliwa, mama alifungua blanketi mbele ya baba. Mikono miwili, laini, mizima. Baba aligeukia ukuta, akalia. Shangazi alitoka, akarudi na mkasi, akakata mikono ya shati la baba angali amelivaa, kisha akamlaza mtoto juu ya mkono ulioungua.