Siku Niliyorudisha Nyuma Kompyuta ya Eksirei

Kwa wiki kadhaa kompyuta ya chumba cha eksirei ilikuwa ikiniletea ujumbe uleule kila asubuhi: mfumo mpya uko tayari, niuweke sasa au baadaye? Nilikuwa nabonyeza baadaye. Alhamisi moja alasiri, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshaondoka, nikabonyeza sasa. Sikumuuliza mtu. Fundi aliyetufungia mashine alikuwa Mwanza, na siku aliyoifunga alituachia neno moja tu: kompyuta hii msiiguse. Nilijiambia kwamba hilo lilikuwa la wale wanaopakua miziki.

Nilikuwa mtaalamu wa mionzi peke yangu katika hospitali ndogo ya binafsi pale Katoro. Nimezaliwa Kahama, binti wa muuza vitenge, na baba alinilea nikiamini kwamba mtu anayeijua kazi yake haombi ruhusa kwa kila hatua. Kompyuta ilipowaka na sura mpya, ikang'aa, niliifurahia. Nikazima taa nikaenda nyumbani. Kujaribu kama bado inasoma picha hakukunijia akilini.

Ijumaa, kabla sijamaliza chai, pikapu iliingia getini kwa kasi. Nyuma walikuwamo wachimbaji wanne wenye vumbi hadi kwenye kope, na katikati yao mwenzao amelazwa juu ya mlango wa mbao. Kifusi kilikuwa kimemwangukia ndani ya duara, lile shimo wanaloshukia kutafuta dhahabu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, anaongea vizuri, ila mikono yake ilikuwa inakufa ganzi na shingo ilimuuma mno.

Daktari wetu alimgusa taratibu, akampima nguvu za miguu, kisha akanigeukia. "Nataka shingo. Kwa ubavu kwanza. Asiinuliwe wala asigeuzwe."

Muuguzi mkuu, mama mmoja wa Ushirombo asiyepandisha sauti hata siku moja, alikishika kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili. Mashine yetu hupiga picha kwenye bamba, bamba huingizwa kwenye kisomeo, na kisomeo ndicho kinachopeleka picha kwenye kompyuta. Nilimvika muuguzi aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, nikapiga, nikakimbia na bamba. Programu ilifunguka kama kawaida. Halafu maandishi mekundu yakatokea: kisomeo hakijaunganishwa.

Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikazima, nikawasha. Mekundu yaleyale.

Nilitoka na kusema, "Mashine imegoma."

Mke wa mgonjwa alikuwa ameshafika, kanga moja mabegani, mtoto mgongoni. "Imegoma tangu lini, daktari?"

"Asubuhi hii."

Muuguzi mkuu alinitazama bila kukiachia kichwa cha mgonjwa. Nilirudi ndani haraka.

Gari letu la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama wa kujifungua Geita na lisingerudi kabla ya kupita saa zima na zaidi. Kumpakia tena kwenye pikapu, kwa barabara ile, bila kujua mfupa umekaaje, daktari hakutaka hata kusikia. Alisimama mlangoni kwangu nilipokuwa nampigia fundi.

"Umegusa nini?" fundi aliuliza.

"Sijagusa kitu."

"Dada, kama hujagusa kitu, mimi kwa simu sina la kukusaidia. Nitakuja Jumatatu."

Daktari alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, yule mke alikuwa ananiangalia. Nilijua nikilisema litasikiwa na wote.

"Jana alasiri niliweka mfumo mpya," nikasema. "Mimi mwenyewe. Sikumwambia mtu."

Fundi akashusha pumzi. "Sasa tunaongea. Programu ya kisomeo haiuelewi huo mfumo. Kwa kuwa ni jana tu, ule wa zamani bado umo ndani, unaweza kuurudisha. Lakini unisikilize vizuri. Ikianza isizimwe. Umeme ukikatika katikati inaweza isiwake kabisa, na hapo ni kuweka kila kitu upya. Utakaa wiki bila mashine."

Jenereta ya hospitali ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Betri ya akiba iliyo chini ya meza ilikuwa imechoka, ikijitahidi sana ilishika dakika tano. Na mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Geita. Katoro mvua ikija, umeme huaga.

Nilimgeukia daktari. "Niendelee?"

"Endelea," alisema. "Tukikaa hivi hatuna picha. Ukijaribu tunaweza kuipata."

Nikaingia kwenye mipangilio, fundi akinielekeza neno kwa neno. Kompyuta ikaniuliza kwa nini narudi nyuma, ikanipa orodha ya sababu nichague. Nikaweka alama kwenye ya kwanza. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na duara dogo la vidoti likaanza kuzunguka.

Dakika ishirini hakuna kilichobadilika isipokuwa vidoti. Kutoka chumba cha pili nilimsikia mgonjwa akimuuliza mkewe habari za mahindi, na mkewe akimjibu kwa Kisukuma, sauti yake imetulia kuliko uso wake. Mvua ikaanza kupiga mabati. Taa zikafifia, zikarudi. Kisha zikazimika.

Betri ikaanza kulia, mlio mmoja kila baada ya sekunde chache.

"Chomoa skrini," fundi alisema kwenye simu. "Na printa. Na kisomeo. Liache kasha peke yake, lisigawane umeme na kitu."

Nikachomoa. Sasa sikuona chochote, ni kitaa kidogo tu mbele ya kasha. Nilipiga magoti sakafuni nikikikodolea macho. Muuguzi mkuu, mikono yake bado kwenye kile kichwa, alikuwa anasali Salamu Maria chini chini. Mimi nilisoma yangu. Milio ya betri ikaanza kusogeleana, ikawa karibu mlio mmoja mrefu.

Umeme ukarudi.

Sikuamka mara moja, nilikuwa naogopa kuchomeka skrini. Nilipoichomeka, ikanionyesha ile picha ya zamani ya mlima na ziwa, ile niliyokuwa nimeichoka. Nikakichomeka na kisomeo, nikafungua programu. Hakuna mekundu. Nikaliingiza bamba, na shingo ya yule kijana ikashuka polepole kwenye skrini.

Daktari aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Mfupa umevunjika," alisema, "lakini haujahama sana." Akamfunga kola ngumu, mifuko ya mchanga huku na huku. Gari liliporudi, likaondoka naye kuelekea Mwanza taratibu.

Kabla hajapanda, mkewe alinifuata. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Uliniambia imegoma asubuhi hii," alisema.

"Nilikudanganya, dada. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alimfunga mtoto vizuri, akapanda.

Jumatatu nilipewa barua ya onyo, nikaisaini. Daktari hakuniongezea neno juu yake. Alisema tu kwamba kama ningesema mapema, tungeokoa nusu saa, na nusu saa kwa shingo ile ilikuwa kubwa. Nimeibeba kauli hiyo kuliko barua.

Yule mchimbaji alifanyiwa upasuaji. Miezi mingi baadaye nilimwona sokoni anatembea, bega moja limeshuka kidogo, anabishana na muuza dagaa. Hakunijua. Nilisimama kwenye nyanya nikamtazama mpaka akaondoka.