Shangazi Idda Akagua Pikapu ya Karani

Manase wa Njombe alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka aone gari. Hapo akili ilimruka. Wakati wa vita alipelekwa Burma na jeshi la Mwingereza, akaendesha lori la mikate na risasi katika matope ya kufika magotini, na vita vilipokwisha akarudishwa nyumbani na koti moja na ahsante. Tangu hapo alilima kwa plau, ng'ombe wanne mbele yake, na waliopita barabarani walimsikia akiwabadilishia gia. "Ya pili!" aliwaambia kwenye mwinuko wa shamba. "Ya pili, wazee, msizime!" Ng'ombe walikwisha kumzoea.

Basi mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa baridi ile inayoacha majani meupe asubuhi, ikaja habari kutoka Makambako. Karani Alois, aliyestaafu kazi ya boma na kujenga Lyamkena, kando ya mji huo, anatoa pikapu yake. Hataki fedha. Amechoka kalamu, anataka kulima, na anataka ng'ombe wanne waliokwisha kuijua plau. Na pikapu yenyewe, alisema mleta habari huku akishusha sauti, haijatembea! Mlowezi aliyeiagiza alirudi kwao kabla hajaizoea, karani akaichukua, na tangu siku hiyo kazi yake ni kwenda kanisani Jumapili na kurudi. Saa ya maili haijafika hata elfu mbili.

Manase aliingia jikoni kwa mkewe akiwa amesahau kufungua mlango vizuri, akajigonga, wala hakusikia maumivu.

"Ema, haijatembea! Ni mtamba huyo! Mtamba ambaye hajazaa!"

Ema alikuwa anachagua maharage. "Na sisi tutalima kwa nini?"

"Tutasomba viazi! Vya kwetu, vya jirani, vya Njombe nzima. Mwenye gari anawaita wenye ng'ombe waje wamlimie."

"Na likiwa bovu? Ng'ombe wameondoka, gari limelala uani kuku wanatagia ndani."

Manase alianza kupapasa paji la uso pale alipojigonga.

"Likiwa bovu," alisema Ema, "wewe utavaa nira, mimi nitashika plau. Mchukue shangazi."

Hapo hapakuwa na ubishi. Katika ukoo wao, ng'ombe hatoki zizini kwenda kuleta kitu nyumbani mpaka shangazi akione kitu hicho kwa macho yake. Kwa kawaida kitu hicho kilikuwa bibi harusi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama desturi inagusa na motokaa. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, na shangazi Idda hakuwa mtu wa kurukwa. Alikuwa mama mfupi, mpana, mshika dini wa Kilutheri, na aliwahi kuwarudisha wachumba wawili kwao, mmoja kwa sababu alipepeta ngano akiwa ameketi.

Walipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Makambako, juu ya magunia, Manase akiimba njia nzima.

"Mwanangu, punguza," alisema shangazi. "Mwoaji hafiki ukweni anachekacheka. Watatupandishia mahari."

"Sicheki, shangazi."

"Hayo meno yote yametoka kuota jua?"

Wakalala kwa ndugu, na asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, wakabisha kwa karani Alois.

"Kamwene!" aliwaamkia Alois, mzee mrefu mwembamba, kaptula imenyooka kama bado anangoja simu ya boma. Mkewe Juliana alitoka nyuma yake akijifuta mikono, akawapokea shangazi kikapu na Manase kofia. Na pale kando ya ghala, magurudumu yamezuiwa kwa mawe manne, ilikuwapo pikapu. Ndogo, ya kijani, macho mawili ya mviringo, sanduku safi nyuma. Rozari ilining'inia kwenye kioo cha ndani.

Manase aliisogelea akiwa ametanua mikono. Angekuwa peke yake, ng'ombe wangekwisha kuwa njiani.

Shangazi alizunguka gari mara moja. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Huyu ameamshwa," alisema.

"Nani, mama?" aliuliza Alois.

"Bibi harusi. Ana joto. Karani, mbona umemwamsha kabla ya wageni?"

Alois akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. "Nilidhani ni adabu. Wageni wametoka mbali, nisiwaweke kwenye baridi nikizungusha hendeli. Nimeiwasha tangu alfajiri."

"Umefanya vema, baba, lakini umetuharibia. Binti akishanawishwa uso na mama yake, kila binti ni mzuri. Sisi tunataka kumwona akiamka mwenyewe, na baridi hii hii. Kwetu Njombe asubuhi hakuna wa kumbembeleza."

"Ametupata, mzee," alisema Juliana, akacheka. "Ingieni, mpate chakula. Ikipoa tutatoka."

Wakaingia, wakala viazi vya moto na maharage. Manase hakukaa. Kila baada ya kiazi kimoja alitoka kwenda kuangalia kama imepoa, na kila alipotoka alikagua kitu kimoja zaidi. Maana katika wazimu wake wote Manase alikuwa dereva kweli. Saa ya maili hudanganya. Kule Burma alimwona fundi akiirudisha nyuma kwa kipande cha waya ili lori lake lionekane kijana. Lakini mpira wa pedali haurudi nyuma. Alilala sakafuni mwa gari, pua kwenye pedali, akatazama. Mpira wa mafuta ulikuwa mpya, mistari yake yote imesimama kama matuta. Mpira wa klachi, vivyo hivyo. Mpira wa breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa.

Alirudi ndani amekunja uso. "Shangazi, kuna neno. Gari hili halijaenda, lakini limesimama sana. Mpira wa breki umekwisha."

Shangazi akatua kiazi. "Yaani ni mke asiyekwenda kisimani, lakini kizingiti chake kimelika?"

"Ndiyo."

"Basi anashinda mlangoni anatazama wapita njia. Karani, tueleze."

Alois akaanza kumenya kiazi kingine. Aliyeeleza ni Juliana.

"Mtauliza breki? Breki ndiyo gari lake! Anafunga breki kwa kuku. Anafunga breki kwa mtu aliyesimama shambani. Siku moja alifunga breki kwa upepo, nikamwuliza, mzee, nini? Akasema, nimesikia kitu. Mlima hajawahi kupanda. Tukifika mahali barabara inapoinuka, anageuza, tunasali nyumbani. Mimi upande wangu nimeng'oa mpini wa mlango kwa kushikilia. Nendeni mkatazame."

Manase alikwenda kutazama. Mpini ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Akarudi anacheka hadi anashika ukuta, na Alois mwenyewe, baada ya kutafuta heshima yake kwa muda, akacheka pia.

"Basi ni kweli haijatembea," alisema Manase.

"Ni kweli," alisema shangazi. "Lakini binti wa kufungiwa ndani ana ya kwake. Hajui mzigo. Tuendelee."

Wakaendelea. Matairi yalikuwa na meno yote, ila ubavuni yalikuwa na nyufa nyembambanyembamba kama kisigino cha wakati wa baridi, kwa kusimama mno juani. Chini ya kiti panya alikuwa amejenga, akatoka mbio, na shangazi akapanda juu ya jiwe la gurudumu kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea. Kitambaa cha kiti cha dereva kilikuwa kizima. Cha Juliana kilikuwa na alama za kucha. Maji ya rejeta masafi. Mafuta ya injini meusi, lakini si ya kutisha.

Hatimaye shangazi akaweka tena kiganja juu ya boneti. Baridi kama chungu cha maji.

"Mwamshe."

Manase akashika hendeli. Mzungusho wa kwanza, kimya. Wa pili, gari likapiga chafya moja, likarudi usingizini.

"Anakohoa," alisema shangazi.

"Hakohoi, shangazi, anajinyoosha!"

Wa tatu, likanguruma, moshi mweupe, kisha mwembamba, kisha haupo. Injini ikatulia, ikaimba. Manase alicheza kidogo pale pale, hendeli mkononi, akaacha alipoona jicho la shangazi.

"Sasa mzigo," alisema shangazi. "Apande mlima akiwa amebeba, kama ng'ombe wetu wanavyobeba. Mlima ule anaoukimbia karani."

Wakapakia magunia ya mahindi ya Alois mpaka springi zikainama. Shangazi na Juliana wakakaa juu ya magunia, wamejifunga blanketi moja. Alois akakaa mbele, ameshika rozari. Manase akaondoa mawe, akaketi mbele ya usukani, na uso wake ukawa wa kijana wa Burma.

Gia ya kwanza. Ya pili. Barabara nyekundu ya Njombe ikafunguka mbele yao, nyika pande zote, hewa inauma masikio. Kisha Manase akasukuma mti wa gia mahali ambapo ulikuwa haujawahi kufika. Ukagoma. Akausukuma tena, ukaingia kwa mlio, na gari likaacha kulia, likaanza kuteleza kama maji.

"Ni nini hiyo?" alipiga kelele Alois.

"Ya tatu, mzee!"

"Hiyo inatumika? Nilidhani ni ya barabara za Ulaya!"

Kutoka nyuma Juliana alikuwa anapiga vigelegele. Shangazi Idda alisema mara tatu kwamba wapunguze, mara ya nne akasema, "Huyo mwenye baiskeli mpite!"

Wakampita. Mlima ukaja. Manase akarudi gia ya pili, na gari likainamisha kichwa likapanda, polepole, likitetemeka, mawe yakiruka chini ya matairi. Katikati likaonekana kama litakata tamaa. "Ya kwanza!" Manase aliliambia. "Ya kwanza, mzee, usizime!" Nalo halikuzima. Lilifika juu linafuka kidogo puani, na pale juu nchi nzima ikawa chini yao, vibanda vya Makambako vidogo kama njugu.

Kushuka ndipo palipokuwa na kazi. Manase alikanyaga breki, ikazama kama mguu kwenye uji. Hakumwambia mtu. Alilishika gari kwa gia, kama walivyofanya kwenye miteremko ya Burma, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. Pembeni yake Alois alikuwa ameacha rozari. Alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha, mdomo wazi, macho yanamwagika machozi kwa upepo, anawapungia mkono watu asiowajua.

Walipofika nyumbani, Alois alishuka, akazunguka gari, akalipapasa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Siuzi."

Injini ilikuwa inagongagonga ikipoa.

"Unasemaje, mzee?" aliuliza Manase.

"Siuzi, kijana wangu. Nisamehe. Nilikuwa nauza kitu nisichokijua. Leo nimekijua."

Manase aliketi chini palepale, kwenye vumbi. Ng'ombe wake wanne walikuwa salama sasa, wala hakuna atakayemvalisha nira. Na bado alijiona kama mtu aliyeonjeshwa asali na kufungiwa mzinga. Shangazi akavuta pumzi kwa ajili ya hotuba, lakini Juliana alimtangulia.

"Vema, mzee. Ni lako. Liendeshe."

"Sasa?"

"Sasa. Mpaka barabarani na kurudi. Gia ile ile."

Alois akaketi mbele ya usukani. Akaweka gia ya kwanza. Gari likasogea. Kuku mmoja, mbali, karibu na kibanda cha kuni, aligeuza shingo. Alois akafunga breki kwa miguu yote miwili. Gari, kwa hali ya breki zile, likaendelea kidogo kwa hiari yake, likagusa rundo la kuni na kuzima.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Aliyeanza ni Alois mwenyewe. Mabega yalitikisika kwanza, kisha kichwa kikalala juu ya usukani, honi ikalia, kuku wakatawanyika, na wote wanne wakacheka mpaka Juliana akaomba wamwachie mbavu zake. Alois akashuka, akamwinua Manase kutoka vumbini.

"Chukua. Mimi na wale ng'ombe tutaelewana, nao wanaogopa kuku. Lakini siku ya soko ukija Makambako, unipitie. Na usinipeleke kwa gia ya pili."

"Ng'ombe wawili," alisema shangazi.

"Tulisema wanne, mama."

"Wanne kwa gari zima. Hili breki zake umezila. Mwanangu ameshuka mlima ule anatoka jasho kwenye baridi, akidhani sioni. Ningesema abaki mmoja kwa ajili ya breki, lakini ng'ombe mmoja halimi. Kwa hiyo breki ni ng'ombe wawili. Nawe shamba lako jipya ni dogo. Wawili watalimaliza kabla hujachoka."

Alois alimtazama Juliana. Juliana alitazama mbingu. Manase alihesabu kwa vidole: jozi moja nyumbani, na pikapu!

"Boma walikosea," alisema Alois mwishoni. "Wangemwajiri huyu mama." Akatoa mkono. Shangazi akaushika, kisha, kwa kuwa desturi ni desturi, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichomtoa panya wa pili chini ya kiti.

Manase alikuwa amekwisha kushika hendeli. Waliposhusha magunia na kuufunga kamba upya ule mpini wa mlango, Juliana alitoka ndani amevaa kanga ya kutokea, kikapu mkononi, mlango ameufunga.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Alois.

"Njombe. Kuona ng'ombe wangu. Wewe unabaki?"

Alois alikimbia kuzunguka gari, miguu yake mirefu ikirushwa huku na huku, akakuta shangazi Idda amekwisha kukaa kiti cha mbele, blanketi magotini.

"Nyuma, karani," alimwambia. "Leo mimi ndiye niliyeoa."

Alois akapanda nyuma, akasimama, akashika paa kwa mikono miwili. Manase akaachia klachi, wakatoka Lyamkena na vumbi lao jekundu, na kabla hawajafika barabara kuu mzee alikuwa anapiga paa kwa kiganja na kuita, "Ya tatu, dereva! Ya tatu!"