Kitabu cha Ngazi na Uongo Wangu

Enzi zetu pale Bukavu, kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, kitabu hakikurudishwa kimyakimya. Nyuma ya kanisa la parokia yetu palikuwa na chumba kilichojaa vitabu vya Kifaransa, vilivyotoka Ulaya ndani ya makatoni. Mwenye chumba alikuwa Maman Godelive, mwalimu mstaafu, mpole wa sauti na mgumu wa sheria. Ukirudisha kitabu siku ya Jumamosi, ulisimama mbele ya wenzako waliokaa kwenye benchi, ukaeleza ulichosoma na jinsi kilivyokugusa. Hiyo tuliiita compte rendu, na bila hiyo hupewi kitabu kingine hata ulie. Kifaransa kikikukwama kooni aliruhusu Kiswahili, na hapo ndipo raha ilipoanza.

Mapadri hawakuwa na muda wa kuchambua makatoni, kwa hiyo katikati ya maisha ya watakatifu zilijitokeza riwaya za mizimu, wachawi na farasi wenye mabawa. Maman Godelive alizipanga chini kabisa, karibu na sakafu, akapaita pale "rayon ya mashetani", yaani rafu yao, akidhani tutaona haya kuinama. Magoti yetu yalikuwa na vumbi kila Jumamosi. Nakumbuka mvua ikipiga bati, sisi tumebanana tunatafuna karanga, na msichana mmoja akisimulia joka la moto ambalo katika masimulizi yake lilikuwa na wakwe wakorofi na lilipenda mboga ya lengalenga. Hakuna aliyeuliza kama kitabuni kweli kulikuwa na lengalenga.

Mshindani wangu kwenye benchi lile alikuwa Nsimire, rafiki yangu wa darasa, mtoto wa mtaa wa Kadutu, msomaji wa kumeza. Yeye alisoma kila neno, hata jina la mpiga chapa. Mimi nilisoma haraka na kusimulia vizuri, na hivyo ni vipaji viwili tofauti.

Muhula mmoja nilipata kitabu cha nyumba iliyoko nchi ya theluji. Kila mtu alipokufa ndani yake, ngazi iliongezeka kidaraja kimoja, na msichana wa nyumba ndiye aliyekuwa akihesabu. Wanaoijua Bukavu wanajua kwamba nusu ya mji ni ngazi. Kwetu, mtaa wa Muhungu, tulikuwa na za mawe, kumi na moja, kutoka mlangoni hadi barabarani. Nilianza kuzihesabu asubuhi na jioni, midomo ikitembea. Mama aliponiona hivyo alikikamata kitabu, akakipeleka jikoni nje, akakiweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na kukifunika kwa sahani.

"Hii kitabu isilale mu nyumba yangu," alisema. "Kama iko na mashetani, yasaidie kuchunga makala."

Ilibaki sura moja tu. Kila nilipoifungua, niliifunga kabla ya mstari wa pili. Jumamosi ikafika sijaisoma, na kusema nimeogopa mbele ya Nsimire lilikuwa jambo lisilowezekana. Basi nikasimama nikatunga mwisho wangu. Nilisema msichana alichukua nyundo, akavunja ngazi, na wafu wote wakatoka humo wakiwa na njaa, bibi yake akawapikia bugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, wakala wakashiba, wakaenda zao. Benchi zima lilishusha pumzi. Maman Godelive alinitazama juu ya miwani yake, kisha akafungua orodha.

Nsimire ndiye aliyefuata kwenye orodha ya kitabu kile. Nilimkimbilia nje nikamwomba akiache. Nikamwambia ni kizito, kinanuka, kitamharibia mitihani. Akaona namnyima.

"Weye Riziki unataka kujua peke yako," alisema, akakikumbatia.

Aibu ilinipanda, nikamtamkia neno ambalo sijawahi kulisahau: "Basi enda nayo, na usirudi tena."

Katikati ya wiki iliyofuata vita iliingia mjini. Sisi tulitoka kwa miguu kuelekea Kavumu hadi Katana, godoro kichwani, Mama akituhesabu njia nzima kama nilivyokuwa nikihesabu ngazi. Familia ya Nsimire ilishika njia ya Walungu. Sitaeleza zaidi, wa rika langu mnajua mlichokiona, na wengine waacheni walale.

Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu ngazi zetu. Kumi na moja. Kisha nikapanda Kadutu hadi kwao Nsimire, nikakuta mlango umefungwa na majani yameota kizingitini. Jirani alisema hajasikia habari yao.

Maman Godelive alifungua tena chumba. Kadi za watoto walioondoka na vitabu alizipanga mezani, na kila Jumamosi aliyerudi alichukua yake. Vitabu vilirudi vimelowa, vimeliwa na panya, kimoja kikiwa na alama ya sufuria mgongoni. Hakumfokea mtu. Alisema tu, "Compte rendu, tafadhali," na mtoto akasimama akasimulia. Meza ikazidi kuwa tupu. Kadi ya Nsimire ikabaki.

Nitasema ukweli, kwa sababu sasa nimezeeka kidogo. Wiki ya kwanza, sehemu fulani ya moyo wangu iliomba kitabu kile kiwe kimepotea, nisiumbuke. Wiki ya tatu nilimwambia Mungu: arudi nacho, asome sura ile kwa sauti mbele ya parokia nzima, aniite analotaka, ila arudi.

Alirudi Jumamosi ya mvua. Amenyolewa nywele, amekonda, amevaa sweta ya mtu mkubwa, na kitabu amekifunga ndani ya kipande cha kitenge. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mbele.

"Maman, niko na compte rendu," alisema. "Mbele ya yote, Riziki iko muongo. Hakumalizaka hii kitabu. Mi nilisoma mwisho mara mbili, kule Walungu. Hakuna wafu wenye walitoka mu ngazi. Na kule kwa theluji, sambaza ingetoka wapi?"

Benchi lililipuka kwa kicheko. Nami nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi juu ya midomo, furaha imenijaa. Sijawahi tena kutukanwa nikashukuru namna ile. Nilipomshika mkono nikamuuliza mwisho wa kweli ni upi, alikataa.

"Enda usome," alisema. Kisha akaniegemea begani, akaomba karanga.

Siku hizi binti yangu anasoma riwaya za mizimu kwenye simu. Nikimuuliza kilichomgusa, ananitumia picha ya kikatuni chenye macho makubwa, basi, compte rendu imekwisha. Namtania, lakini namwonea huruma kidogo. Hajui benchi ni nini, wala hajui kusubiri mtu arudi na mwisho wa hadithi.

Mimi maisha yalinipeleka Lubumbashi, Nsimire yuko Bukavu bado. Habari za huko zikiwa mbaya na mtandao ukipotea, simuulizi kama yuko salama, maana atajibu ndiyo hata kama siyo. Namwandikia tu kwamba nimemaliza riwaya fulani ya kutisha, na kwamba mwishoni mchawi alihamia Uvira akafungua saluni. Halafu natembea na simu mkononi, chumba hadi chumba. Mara ya mwisho zilipita siku mbili. Siku ya tatu, mchana, likaingia neno moja.

"Muongo."

Nikaketi, nikaangua kicheko peke yangu, kisha nikaenda kupika.