Nimegeuzwa Duka la Klipu pale Toi

Leo mtu ameniuliza bei ya kichwa changu.

Mnanijua. Jumamosi mimi huvaa dekora, ile staili ya vijana wa Japani ya kujipamba mpaka nafasi iishe. Klipu thelathini kwa nywele, shanga shingoni, vidoli vinaning'inia kwa mkoba. Zote nimeokota mojamoja kwa mitumba, miaka miwili mizima.

Sasa niko Soko la Toi, nimetulia zangu, nachagua soksi.

Mama mmoja akanishika mkono. "Hizi klipu unauza aje?"

"Siuzi, mathe. Nimevaa."

"Zote?"

"Zote."

"Woishe." Akaniangalia kama mgonjwa.

Nilitaka kukasirika, wacha niseme ukweli.

Lakini alikuwa na kasichana kake, kama miaka mitano, kametoka kusukwa, macho bado mekundu ya kulia. Kalikuwa kanaangalia klipu yangu ya stroberi. Ile ya kwanza kabisa kupata. Sasa hapo ungefanya nini?

Nikaitoa, nikakapatia.

Mama akaibana katikati ya kichwa, vizuri, kama ya kwenda kanisa. Mtoto akaitoa. Akaibana kando, juu ya sikio, vile zangu zimekaa. Halafu akaninyooshea mkono.

"Ingine."

Mama akamvuta kwa aibu, wakaenda. Wanakaa Kambi Muru, hapo hapo Kibera, niliuliza.

Siku zote nasema Kibera nzima dekora ni mimi peke yangu. Si ukweli tena.

Kama uko na klipu hutumii, niambie hapo chini. Mwenzangu ako na moja tu.